Shati Ndani Nje

Asubuhi ile shati la mwisho la shule lilikuwa juu ya paa la banda la kuku, na mwanangu wa gredi ya pili alikuwa chini ya kitanda, ameziba masikio. Saa tatu tulitakiwa tuwe EARC, kituo cha kutathmini mahitaji ya mtoto kielimu, ng'ambo ya feri ya Likoni.

Shati la kwanza nililiharibu mwenyewe usiku: nilikata lebo kwa wembe, nikapasua na kola. La pili lilikuwa gumu kwa wanga; nyanyake aliliroweka lilainike, na kulipokucha lilikuwa bado linachuruzika. Hili la tatu, jipya, lilimgusa shingo tu akapiga ukelele kama aliyemwagiwa uji wa moto, akalivua, akalirusha. Babake alipanda kigoda kulitoa kwa ufagio. Kigoda kikateleza, banda likafunguka, kuku wakatawanyika hadi kwa jirani.

Kliniki walikuwa wameshatuambia ni usonji. Hata hivyo, vita hivi vya asubuhi niliviita ukaidi, na shuleni waliviita hivyo hivyo: hatulii, kengele ikilia anakimbia, mtafutieni shule nyingine. Niliitwa mara nne. Mara ya tano nilikwenda nimejiandaa. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mwenye ulemavu haki ya kusoma katika taasisi zilizochanganyika na jamii, na sera ya 2018 ya elimu ya wanafunzi wenye ulemavu inasisitiza elimu jumuishi. Mwalimu mkuu hakubisha. Alisema, "Mama, niletee ripoti ya EARC." Vituo hivyo vipo Kenya tangu 1984, na mimi nilikuwa sijawahi hata kuvisikia.

Asubuhi ile ya tathmini, nyanyake ndiye aliyetutoa nyumbani. Alilipindua lile shati jipya ndani nje, mishono yote ikawa juu, akaketi sakafuni karibu na kitanda bila kumgusa mtoto.

"Baba, upande huu hauchomi. Jaribu mkono mmoja."

Baada ya muda mkono ukatoka. Kisha wa pili.

Kwenye feri nilimfunika masikio kwa leso honi isimshtue, na mishono ile nayo nikaificha, kwa kuwaonea haya watu.

Mwalimu wa tathmini hakuanza na herufi wala hesabu. Alilitazama shati, akauliza ni nani aliyeligeuza. Nikaanza kuomba radhi. Akanizuia, akaandika. Alitaka kujua mtoto alianza kusema lini, analala vipi, na kabla hajalia huwa kumetokea nini. Swali hilo la mwisho sikuwahi kuulizwa, wala kujiuliza. Nikawa nahesabu kwa vidole: lebo, wanga, kengele, honi. Kumbe kila kilio kilikuwa na kilichokitangulia, nami nilikuwa nikiadhibu kilio.

Ripoti ilisema abaki shule ile ile. Aketi mbali na kengele, na aambiwe kabla haijalia. Apewe maagizo moja moja, na ratiba yake iwe ya picha. Sare avae ndani nje. Hakuna hata moja kati ya hayo lililohitaji fedha; yalihitaji kuandikwa, ili nisiwe naomba fadhila kila muhula.

Mzazi mwenzangu, usingoje kuitwa mara ya tano. Andika kinachotangulia kilio, uende nacho kituoni.

Siku ya kurudi shule, mwalimu wa zamu aliitazama ile mishono langoni. Nilikuwa nimeishika ripoti mkononi, tayari kuifungua.

"Ingia, baba," akamwambia.

Nilipofika nyumbani, nyanyake alikuwa uani, anayaanika yale mashati mawili, kola moja imeshashonwa. Yote ameyageuza.