Bibi wa Kilombero Awindapo Bata

Kwa kanuni za uwindaji za Marekani, tangu mwaka 1996 msimu wa bata una siku chache zilizotengwa kwa ajili ya watoto. Mtoto anashika bunduki, mtu mzima anamsindikiza, na huyo mtu mzima haruhusiwi kupiga bata hata mmoja. Katika jimbo la Arkansas, mtoto ni yule asiyezidi miaka 15. Waliotunga kanuni hiyo nadhani waliamini kwamba mtu mzima akishanyang'anywa bunduki hana tena la kuharibu. Hawakuwa wamemwona Mjomba. Bibi yetu ndiyo kabisa hawakumfikiria.

Mwenyeji wetu alikuwa mkulima wa mpunga jirani na mji wa Stuttgart, mzee Mzungu anayesali kanisa moja na Mjomba. Alijitolea kuwachukua vijana wetu wanne shambani kwake, asubuhi moja ya Februari. Vijana walisomea usalama wa bunduki, wakafaulu, na kanuni walizikariri kuliko walivyowahi kukariri somo lolote la shule. Bunduki isiwe na risasi zaidi ya tatu. Hakuna kufyatua mpaka ibaki nusu saa jua kuchomoza. Marisau yasiwe ya madini ya risasi, kwa sababu hayo yalipigwa marufuku nchi nzima kwa uwindaji wa bata mwaka 1991. Bata walikuwa wakiyameza wakidhani ni changarawe, wanakufa kwa sumu. Sisi watu wazima hatukusomea chochote. Mjomba alikuja na koti la njano na mfuko wa mahindi, akisema tukiyamwaga majini bata watakuja upesi turudi kulala. Binti wa miaka 14 akamweleza kwa heshima zote kwamba punje zilizoanguka wakati wa kuvuna hazina neno, lakini kumwaga chambo ni kosa mbele ya sheria, na kwamba yeye bado ana mitihani.

Stuttgart hujiita mji mkuu wa dunia wa mpunga na bata, na huko kuna mashindano ya dunia ya kuita bata kwa filimbi tangu 1936. Usicheke. Arkansas hutoa karibu nusu ya mchele wote wa Marekani, na wakulima wake wakishavuna huziba mifereji makusudi, mashamba yajae maji. Bata wanaoikimbia baridi ya Kanada hushuka na bonde la Mississippi, wanatua hapo, wanakula punje zilizobaki na mbegu za magugu, wanavuruga mabua yaoze mapema. Mkulima hamlipi mtu.

Haya nilimweleza Bibi garini. Hakualikwa, alikuta gari linapakiwa, akapanda.

“Wanajaza maji ili ndege waje?”

“Ndiyo, Bibi.”

“Kwenye mpunga?”

“Umeshavunwa, Bibi.”

Akanyamaza kidogo. “Na huyo mzee hana watoto wa kumwangalia?”

Bibi amezaliwa Kilombero, Tanzania, kwenye mpunga. Utoto wake aliumalizia juu ya dungu, akiamia ndege tangu alfajiri: anavuta kamba za makopo, anarusha vidonge vya udongo kwa teo, anapiga kelele mpaka sauti inakauka. Mwenye mpunga asiyeamia hana mpunga. Kundi la kwelea kwelea likitua shambani, kesho hapana cha kuvuna. Hata leo serikali ya huko hutuma ndege ya kunyunyiza sumu kwenda kuua ndege. Kwa hiyo tulipofika na Bibi akaona kile kibanda cha miti na matete tulichotakiwa kujificha ndani yake, uso ulimchangamka. “Dungu,” akasema, akaingia.

Aliingia mkavu, maana alipita juu ya tuta kama anakwenda kuchota maji. Mjomba alipita katikati ya shamba, ndani ya ile suruali ya mpira iliyoungana na buti, akakanyaga shimo, na suruali ikajaa. Maji ya Februari ya Arkansas hayana utani. Vijana walimwinua, wakamvisha wavu wa majani juu ya lile koti la njano, kwa kuwa bata anaona mbali na rangi anazijua. Mzee akatoa kopo la rangi nyeusi, akajipaka usoni kama wafanyavyo wawindaji wa huko wasing'ae. Akatugeukia atupe na sisi, akatutazama, akalirudisha mfukoni.

Mzee alikuwa na mbwa aina ya Labrador, aliyefundishwa kuleta bata mdomoni bila kumchubua. Kuhusu chapati hakufundishwa lolote. Bibi alipofunua hotpoti ilikuwa tupu.

Halafu mbingu ikapauka, bata wa plastiki wakielea mbele yetu, na mzee akaanza kupuliza filimbi kwa ile sauti nene ya bata jike, maana dume wa bata hao sauti yake ni ya kukwaruza tu. Kundi likaitikia. Lilizunguka mara ya kwanza, likazunguka tena chini zaidi, vichwa vya kijani vikaonekana, miguu ikashushwa. Vijana hawakutikisika. Mimi nilishika pumzi.

“Haaaaa! Hoi! Hoi! Hoi! Haaaaa!”

Bibi alikuwa wima, khanga mkononi, akipunga. Bata walipaa juu wima, na mashamba mawili ya jirani pia yakabaki meupe. Aliketi akijifuta jasho, ameridhika kabisa.

Mzee alikaa kimya kitambo. Kisha akaniuliza kwa upole huyo mama alikuwa anasema nini. Nikamwambia amewasalimia.

Kuanzia hapo yule binti alishika uongozi. Alimkalisha Bibi kati yake na mbwa, akampa mfuko wa karanga. “Bibi, nakuomba, tafuna tu.” Ilisaidia. Kundi dogo lilipotua binti alisimama, akafyatua mara moja, dume akaanguka. Hapo Bibi akapiga vigelegele. Vijana wawili waliwahi kupata mmoja mmoja kabla waliobaki hawajaenda zao, wakisindikizwa na kwaya ya simu ya Mjomba. Aliyepiga alikuwa shemeji yake wa Dar, anauliza kama kweli tunakula bata Marekani. Sheria iliwaruhusu vijana bata sita kila mmoja. Tulirudi na watatu, kwa watu wanane.

Tukiwa tunafunga mizigo, mzee alinivuta pembeni. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kuomba radhi. Yeye akaniambia kwamba kuanzia Aprili, mpunga ukipandwa, hushambuliwa na ndege weusi wanaokuja makundi kwa makundi na kufukua mbegu. Mizinga ya gesi ya kuwashtua wameizoea. Je, yule mama angekubali kuja?

Nikamfasiria Bibi. Alimenya karanga bila haraka.

“Muulize dungu litakuwa na kivuli?”

Mzee akasema atamjengea.

“Basi sawa. Na huyo mbwa afungwe.”