Mwongozo wa Mwenye Haraka: Toleo la Mpakani

Wapo wanaotaka kukomaa ila hawana muda wa kukomaa. Mwongozo huu ni wao. Umeandaliwa kati ya Malaba na Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ambako kusubiri kunalisha watu: mama wa chapati, wauza maji, na wabadilisha pesa walioshika mabunda ya shilingi za nchi mbili.

1. Ng'oa muhogo uone umefikia wapi. Muhogo wa huku Teso hukaa ardhini karibu mwaka mzima. Uzembe mtupu. Mwezi wa nne vuta shina, kagua vijizizi, sikitika, kisha rudishia udongo. Kozi yako ya ushonaji ifanyie hivyo hivyo, na ndoa, na kibanda cha mitumba: kila wiki ng'oa, kagua, lalamika. Ukibahatika kuvuna, usicheleweshwe tena. Akina mama humenya muhogo mchungu, huurundika na kuufunika siku kadhaa mpaka uote ukungu, wakaukwangua, wakauanika juu ya magunia, ndipo usagwe pamoja na mtama. Wewe ule hivyo hivyo. Sababu ya kuuchelewesha utaambiwa na tumbo.

2. Pima maisha yako kwa trela la mbele. Foleni ikisimama Malaba, dereva mzoefu huzima injini, na taniboi akabandika maharagwe jikoni, kivulini mwa trela. Hao wamekata tamaa. Mwenye malengo hutoka kwenye safu na kufungua ya pili. Aliye nyuma yake hufungua ya tatu. Magari yanayotoka Uganda yakikosa pa kupita, nanyi hamna pa kwenda, lakini angalau mmeonyesha bidii. Kwa hiyo ukisikia mwenzako wa darasa la nane amejenga Amagoro, kopa kwa simu leo hii, ununue mabati. Kiwanja kitajileta.

3. Usiandae karatasi. Tangu 2014 ushuru wa mizigo ya Uganda hulipwa mapema, mzigo ukiwa bado Mombasa. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa rasmi 2018, kimeweka maofisa wa nchi zote mbili katika jengo moja, upande unaoingia. Hata mchuuzi mwenye bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi dola 2,000 ana cheti chake chepesi cha asili ya bidhaa. Haya yote yanataka ujiandae, na kujiandaa kunachosha. Shika njia ya panya usiku. Mlipe wa baiskeli, mlipe anayejua njia, mlipe na yule utakayemkuta anakungoja kichakani. Ukifika sokoni umetota matope, aliyepitia langoni atakuwa ameshauza, anahesabu pesa.

4. Subira yako yote itunzie dirisha la ofisi. Hapa ndipo wengi wetu tumefuzu. "Mama, ngoja kidogo, mtandao umepotea." "Sawa, afande." Saa sita afande anaenda kula, saa nane hajarudi, na fomu iko pale pale ulipoiweka asubuhi. Usiulize. Jikumbushe kwamba subira huvuta heri. Zaidi ya yote, usiwaige madereva wa matrela wa Januari 2022. Uganda ilipowalazimisha kupimwa korona na kulipia, waligoma. Foleni ikajinyoosha kilomita kwa kilomita ndani ya Kenya, petroli ikapanda bei Uganda, na ada ile ikaondolewa. Watu wasio na adabu kabisa! Walipaswa kuiacha ada iive yenyewe.

Ukizishika hatua hizi nne, utazeeka upesi bila kukomaa.

Sasa mzaha kando. Tatizo letu si kukosa subira. Tunayo tele, ila tunaipeleka pasipo pake. Mtoto anayejifunza kusoma tunamgombeza kwa kuchelewa, kijana mwenye mwaka mmoja kazini tunamwuliza gari liko wapi, halafu mtu aliyekalia faili letu miezi tunamwita mheshimiwa na kumwambia hakuna shida. Tena wanaotuhubiria kwamba kila jambo lina wakati wake mara nyingi ndio wanaotuchelewesha.

Kwa hiyo, msomaji, kabla hujakubali kungoja, uliza swali moja: jambo hili linakua, au kuna mtu amelikalia? Linalokua lipe muda wake, ulipalilie, na karatasi zako ziwe tayari. Lililokaliwa, mwinue aliyelikalia.