Upepo Chini ya Nyumba

Mawe ya Goma hayakuletwa na lori. Tarehe 17 Januari 2002 Mlima Nyiragongo, wenye urefu wa mita 3,470, ulipasuka ubavuni. Lava ikateremka hadi katikati ya mji, ikapita madukani, ikafunika sehemu ya njia ya ndege, kisha ikaingia Ziwa Kivu. Ilipopoa, watu walirudi wakajenga juu yake. Ndiyo maana kuna mitaa ambayo barabara yake iko juu kuliko sakafu za zamani, na kuta za viwanja zimejengwa kwa mawe yale yale yaliyobomoa kuta zilizotangulia. Jiwe lenyewe ni jeusi, lina vitundu, na kingo zake zinakata. Mtu akiangukia goti hapo, hasahau. Gari linalopita hapo kila siku hufunguka nati moja baada ya nyingine.

Katika mji kama huo fundi wa gari hakosi kazi. Pita Birere au Ndosho asubuhi yoyote, utaona miguu imechomoza chini ya magari, na kando yake amotisa zinavuja mafuta. Magonjwa ni mengi, dawa ni moja: ongeza resori. Lori la viazi likianza kukalia makalio, linaongezewa chuma bapa kimoja, kisha cha pili, mpaka resori inakuwa nene kuliko ekseli. Dereva anavunjika mgongo, viazi vinafika salama. Hakuna anayelalamika, maana viazi ndivyo vinavyolipa.

Mwishoni mwa 2018 likaingia gari-nyumba.

Mwenyewe alikuwa mpishi wa kantini huko Liège. Alikaa Ubelgiji hadi ndevu zikabadilika rangi, akaamua kurudi kwao Himbi, hapa Goma, na kitu ambacho jirani hana. Wengine hurudi na kontena la matairi. Yeye alirudi na Fiat Ducato yenye vitanda vinne, jiko la gesi, sinki, choo na mapazia ya maua. Ilishuka melini Mombasa, usukani kushoto, katika nchi ambayo magari nayo hupita kushoto. Kenya na Uganda zote alizivuka akiwa nyuma ya malori, kwa sababu kila alipotaka kulipita moja ilibidi mkewe, aliyekaa kulia, achungulie na kutoa hukumu. "Sasa!" "Hapana, ngoja!" "Sasa, lakini fanya haraka!" Ndoa ilifika Rwanda, ambako watu huendesha kulia, ikiwa na mikwaruzo michache tu.

Mikwaruzo mingine ilisubiri Goma. Ducato ilizaliwa Italia mwaka 1981 kama gari la kubeba bidhaa mijini, na hadi leo ndiyo chasi inayopendwa kuliko zote na watengenezaji wa magari-nyumba Ulaya. Nyingi zimeandikishwa zisizidi kilo 3,500, gari, mizigo na watu pamoja. Hesabu vitanda, makabati na jiko, ongeza tangi la lita 100 za maji, ambazo ni kilo 100 kamili, kisha mpandishe mpishi mwenyewe: nafasi inayobaki ni ya mswaki. Nyuma kuna resori nyembamba, na nyuma ya resori kuna mkia mrefu ambao ndio chumba cha kulala. Mkia huo ulisalimiana na kila dodani, yaani kila tuta, la mjini. Sufuria zilihama kabati. Unga wa muhogo ulimwagikia kitandani. Mlango wa choo ulikuwa na tabia ya kufunguka wenyewe gari likirushwa, jambo lililogunduliwa na shemeji akiwa ndani, mbele ya sanamu ya mkokoteni wa chukudu, saa ambayo watu wanatoka kazini.

Mwanawe wa kwanza, aliyebaki Liège, ndiye aliyempa jibu kwa simu: mifuko ya upepo.

Mfuko wenyewe ni mpira mzito wenye viuno viwili, urefu wake kama shibiri. Unakaa kati ya ekseli na chasi, mmoja kila upande, pale penye kipande cha mpira kinachozuia chuma kisigonge chuma. Resori haitolewi, inapata msaidizi tu. Mzigo ukiubana mfuko, upepo wa ndani unakaza, na kadiri unavyobanwa ndivyo unavyosukuma kwa ukali zaidi. Wazo si geni. Mabasi ya Greyhound ya Marekani, yale ya ghorofa moja na nusu ya mwaka 1954, yalikuwa tayari yanaelea juu ya upepo. Mwaka uliofuata Citroën walionyesha Paris ile DS yao, iliyotumia gesi na mafuta kwa pamoja, ikijiinua kila ilipowashwa.

Na mpira, Kongo ina hesabu zake nao. John Boyd Dunlop alipotengeneza tairi la upepo Belfast mwishoni mwa miaka ya 1880, alikuwa akiwaza baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Starehe ya dunia iliyofuata ililipiwa na watu wa misitu ya Equateur chini ya mfalme Léopold II wa Ubelgiji. Kwamba mpira huo sasa unarudi Goma umekunjwa katika boksi, pamoja na ankara ya euro, ni mzaha ambao mpishi aliurudia mezani mara nyingi kuliko watoto wake walivyopenda.

Boksi lilipita Kigali, likafika Gisenyi. Mtu mmoja mpakani aliubonyeza mfuko, akaunusa, akauliza kama ni wa hospitali. Maelezo yalikuwa ya Kijerumani. Fundi, kijana wa Katindo mwenye sifa ya kulirudisha barabarani hata gari lililokwisha kuzikwa, aliyatazama kwa heshima kisha akayaweka chini ya chupa ya soda yasipeperuke.

"Usihangaike na karatasi, Papa. Picha inatosha."

Adui wa kwanza hakuwa Mjerumani, alikuwa chumvi. Ubelgiji humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo ilikuwa imekula boliti za chini miaka yote. Hazikufunguka kwa spana, wala kwa mafuta, wala kwa matusi. Zikakatwa kwa mashine, cheche zikiruka kila upande, huku mifuko miwili mipya ikiwa salama mahali pamoja tu: chini ya makalio ya msaidizi wa fundi, aliyekuwa ameigeuza kiti.

Kisha kishikizo kimoja kikakataa kukaa sawa. Fundi akavaa miwani ya kuchomelea, mfuko ukiwa umeshafungwa pale pale.

"Mwanangu, huo ni mpira!"

"Najua ni mpira, Papa. Nitachomelea polepole."

Hapo kazi ilisimama, chai ikaletwa, mfuko ukafunguliwa, kishikizo kikachomelewa mbali, kila kitu kikarudishwa. Lakini kosa lililokuja kuonekana mjini lilikuwa dogo na la kimya. Boksi lilikuwa na mipira miwili ya kupitisha upepo na valvu mbili, ili kila mfuko ujazwe peke yake. Kwa fundi aliyekulia kwenye uhaba, huo ulikuwa ubadhirifu. Akaunganisha mifuko yote kwa tawi moja, valvu moja, na ile ya pili akaitunza kwa ajili ya siku mbaya.

Siku mbaya ilikuwa kesho yake, kwenye mzunguko wa Signers. Gari likipiga kona, uzito huegemea upande wa nje. Mfuko wa upande huo ukibanwa na mwenzake amefunguliwa mlango, upepo hukimbilia kwa mwenzake, ambaye hana mzigo, na kumnyanyua. Upande ulioinama unazidi kuinama, ulioinuka unazidi kuinuka. Ducato iliuzunguka mzunguko ikiwa imelala ubavu, mapazia ya maua yakining'inia nje ya madirisha, na wamotari wa pikipiki, watu wasiompisha hata mkuu wa mkoa, wakapisha.

Valvu ya pili ikarudishwa mahali pake bila maneno mengi.

Kujaza nako kulikuwa na shule yake. Kijana wa matairi amezoea tairi la lori, linalomeza upepo hadi akamaliza hadithi. Mfuko ni mdogo, unashiba kabla hajaanza kusimulia. Yeye geji yake ni sikio: analigonga tairi kwa chuma na kusikiliza. Aliugonga mfuko, haukusema kitu, akaongeza. Mifuko ya namna hii kwa kawaida haitakiwi kuzidi bari 7. Mkia ulipanda, pua ikainama, na maji yaliyobaki kwenye sinki yakamwagika kuelekea kwa dereva. Usiku ule watoto walijaribu kulala humo, wakaamka wote wamerundikana upande mmoja. Dawa ilikuwa pampu ya baiskeli: unasukuma, unatazama geji, unaacha. Ila usiache patupu kabisa, kwa sababu mfuko usio na upepo hujikunja, ukajibana kati ya vyuma na kujikata.

Mpishi, ambaye sasa alikuwa mwanafunzi mwenye bidii, alileta na hesabu ya mwinuko. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, hewa ya nje ni nyepesi kuliko ya Mombasa, kwa hiyo mfuko uliojazwa pwani ungeonyesha hapa nyongeza ya zaidi ya moja ya kumi ya bari. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema hapa hata maji yanachemka kabla ya nyuzi 100, na chai tunakunywa. Mpishi, aliyewahi kusubiri maharagwe ya Goma yaive, hakuwa na la kujibu.

Uvujaji nao ukaja. Asubuhi mkia umekaa chini upande wa kushoto, jioni umejazwa, asubuhi tena chini. Walipaka maji ya sabuni kila kiungio wakasubiri mapovu. Viungio vyote vilikuwa safi. Povu lilitokea katikati ya mpira wa kupitisha upepo wenyewe, pale kipande cha lava kilichorushwa na tairi kilipoacha mkato mwembamba kama unywele. Wakaukata, wakauunganisha, wakauvisha ganda la mpira wa zamani wa baiskeli na kuufunga juu ya chasi, mbali na ekzosi.

Kisha gari likapona, na hapo ndipo balaa lilipoanza.

Zamani mzigo ukizidi, mkia ulikaa chini na kila mtu aliona. Sasa nyumba ilisimama wima hata ikiwa imebeba nusu ya shamba. Ndugu waliliona gari limesimama wakatafsiri wanavyotaka: limeongezewa nguvu. Ukweli ni kwamba mfuko wa upepo hauongezi hata kilo moja ya ruhusa. Ekseli ni ile ile, matairi ni yale yale, breki ni zile zile, na Ducato inavutwa na magurudumu ya mbele, ambayo hupoteza mshiko mkia ukizidiwa. Jaribu kumweleza hivyo shangazi aliyeketi juu ya gunia lake la maharagwe. Zilikuja fromaji za Masisi, mkaa, mikungu ya ndizi, kabati la harusi. "Si umeweka upepo? Ongeza tu."

Ni mji uliozoea kubeba. Chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili ambao mwendeshaji huusukuma kwa mguu mmoja na kuuegemea kwa goti la pili, hubeba mamia ya kilo kutoka vilimani bila injini. Magurudumu yake ya mti yamevishwa mpira wa matairi yaliyochakaa, na kipande kingine cha mpira ndicho breki. Kijana mmoja wa chukudu alisimama Himbi kumtazama mpishi akiwa chini ya gari na ndoo ya sabuni. Alisikiliza maelezo yote, viuno viwili, valvu, bari.

"Ya kwangu haina upepo, Papa," akasema. "Itatobokea wapi?" Akaondoka na kabichi zake.

Safari ya kwanza ya kweli ilikuwa kwenda na kurudi Sake, Agosti 2019. Ebola ilikuwa imefika Goma Julai, na abiria walikuwa wakishushwa kunawa kwa maji ya klorini na kupimwa joto kwenye paji la uso. Mpishi alijaribu kueleza kuwa ana sinki ndani. Aliambiwa hongera, ashuke.

Ili asisumbuke na hesabu, alikuwa ameandika kwa kalamu nene, ndani ya mlango wa nyuma, upepo unaohitajika. Tupu: 1. Watoto na maji: 2. Watoto, maji na viazi: 3. Mama: 4.

Mama mkwe, waliyemchukua Sake, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi maisha yake yote. Maandishi hayampiti. Aliusoma mlango akiwa amekaa sawa, mkoba mapajani.

"Mkwe, huyu Mama wa nne ni nani?"

"Ni mama watoto, Mama."

Kiti cha mbele, mkewe alizima redio. "Mimi?"

Walikuwa bado hawajatoka sokoni. Mama mkwe alishuka, akauliza wanapopimia magunia, akaonyeshwa mizani. Akavua viatu, akampa mjukuu mkoba, akapanda. Alipoteremka alimwita mkwe naye apande, na baada yake gunia la viazi, huku mwenye mizani akiombwa kalamu ili mlango uandikwe upya.