Madihi ya Mchango wa Mwaka

Watu wa mwambao huu wamekwisha kuusifu mnazi tangu mizizi hadi makuti, wakaisifu jahazi na matanga yake, na kila walichokisifu kilistahili. Lakini katika umri wangu wote sijamsikia mshairi wala mnenaji aliyesimama mbele ya watu kwa taadhima, akakohoa kidogo kama ilivyo desturi, kisha akausifu mchango wa mwaka wa bima ya afya. Hiyo ni dhuluma, na mimi niliyesumbuliwa nao kuliko wengi ndiye nipasaye kuiondoa.

Nalikuwa karani wa kuhesabu magunia katika maghala ya Shimanzi, baina ya reli na bandari, nikiyahesabu majani ya chai na kahawa ya watu wengine kwa miaka 31, hata 2009 niliposhikishwa kiinua mgongo na kuambiwa nikapumzike. Fungu lile lilitoka mara moja, kwa kuwa Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, tangu ilipoasisiwa 1965, ilikuwa zama zetu ni sanduku la akiba tu, haikuwa ya kumpa mzee chochote kila mwezi. Nami fungu hilo likaniezekea upande mmoja wa nyumba, likamwoza binti, likaisha. Kwa hiyo mbele ya sheria mimi leo ni mtu asiye na mshahara, safu moja na muuza mabamia na kijana wa bodaboda, na watu wa safu hiyo wana utaratibu wao.

Bima ya zamani, iliyozaliwa 1966, ilituridhia sisi tulio nje ya ajira kwa shilingi 160 kwa mwezi. 2015 ikapanda hadi 500, tukaguna, tukazoea. Kisha ikatungwa Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023, na tangu 1 Oktoba 2024 bima ile imekuwa marehemu, na mrithi wake twamwita SHA. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kila mwezi kabla hajauona. Asiye nao, kwa kuwa hapana ajuaye apatacho, huulizwa maswali, na majibu yake hupikwa na mitambo hata yakatoa pato la kukisia, na pato hilo hutozwa asilimia iyo hiyo, isipungue shilingi 300 kwa mwezi. Ila yeye huilipa miezi yote 12 kwa mkupuo, ambayo kwa uchache ni shilingi 3,600, tena siku 14 kabla ya mwaka wake kwisha.

Fadhila kuu ya mchango huu, ambayo hata ingekuwa peke yake ingetosha, ni kwamba humjulisha mtu nyumba yake. Nimeishi miaka 74 katika nyumba ya babu yangu Mji wa Kale, wala sikuwahi kuitazama, mpaka siku nilipokwenda na mke wangu kwa kijana mmoja mwenye kibanda cha simu, mkabala wa ghala nililofanyia kazi, kwa kuwa vidole vyangu na *147# havijapatana.

“Babu, kuta za nyumba ni za nini?”

Nikamweleza: ni mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa, unene wake dhiraa nzima, na dari ni ya boriti za mikoko. Kijana akanitazama kwa heshima mpya. “Kumbe babu u tajiri!” Ndipo nilipofahamu kwamba ile chokaa inidondokeayo katika sahani ya wali kila jirani abamizapo mlango ni mvua ya neema, na kwamba ule mlango wangu wa nakshi, nisioruhusiwa kuubadili bila idhini kwa kuwa mji wetu umehifadhiwa, ambao watalii watokao Ngomeni huupiga picha ilhali mimi ndani natafuta kidonge cha presha, ni dalili ya ukwasi.

“Na paa?”

“Bati.”

Nikataka kuongeza kwamba bati lenyewe lina matundu. Akasema matundu hayaulizwi.

Tulipofika kwenye mifugo, mke wangu akawakumbuka paka. Paka wa Mji wa Kale si mali ya mtu, walakin saba kati yao hula vichwa vya samaki barazani petu kila magharibi, na mwenye inda angeweza kudai kuwa alishwaye na mtu ni mfugo wa mtu huyo. Tukahojiana robo saa nzima kama paka ahesabiwe ng'ombe mdogo au mbuzi asiye na faida, mwisho tukaafikiana kuwaficha. Kwa habari ya kupikia tulisema kweli: gesi ikiwapo, makaa gesi isipokuwapo, na mwisho wa mwezi jikoni kwa jirani. “Babu, chagua moja,” kijana akasihi. Tulitoka pale tuna elimu ya nyumba yetu ambayo wanazuoni wa mambo ya kale, waliowahi kuja na kamba zao za kupimia, hawakutupatia.

Fadhila nyingine nazitaja mbio mbio. Huunga udugu, kwa kuwa mwanangu aliye Dubai sasa hupigiwa simu kila mwaka pasipo kukosa. Huimarisha magoti, maana afisi zote zina ngazi. Tena hutufariji kwamba hatuko peke yetu: wazee wa Marekani, ambao Medicare yao ilitungiwa sheria mwaka ule ule wa 1965, huvaa miwani kila mwaka baina ya 15 Oktoba na 7 Desemba wakachambua mipango ya mwaka ujao, na mchango wao wa mwezi nao hutangazwa upya. Wao angalau huandikiwa barua.

Hufundisha subira pia. Mwezi uliopita nilikaa katika afisi moja mjini, nisiyoitaja, tangu saa mbili asubuhi hata adhuhuri, ili niulize neno moja tu, nikaambiwa mitambo imelala, babu, rudi kesho. Haya, na niseme bila kupamba: nimechoka. Miaka 31 nalishika daftari Shimanzi. Mvua ilinyesha, makuli waligombana, karatasi zililowa, wala sikumwambia dereva wa lori hata siku moja kwamba daftari limelala, arudi kesho.

Wala simlaumu yule kijana wa kaunta, aliyekuwa na kiti kibovu kuliko changu. Nawafikiria walioketi mezani, kila mmoja na mshahara wake, wakaafikiana kwamba aliye na mshahara alipe kwa mwezi na asiye nao alipe kwa mwaka. Mwenye mshahara hapana amwulizaye paa lake ni la nini, wala apikia nini, wala ana paka wangapi. Karatasi yake yaaminiwa. Neno la mzee halitoshi mpaka bati limshuhudie. Mwaka 2025 wakatutangazia mpango wa kulipa kidogo kidogo, wakauita Lipa SHA Pole Pole, nao ni msaada. Lakini kama yajulikana kwamba hatuwezi ila pole pole, mbona sheria ilianza na mkupuo? Bima yenyewe siichukii. Mwenzangu wa ghalani husafishwa damu mara mbili kwa wiki, na lau si bima tungalikwisha kumsomea hitima. Kwa sababu hiyo hasa mambo haya yaniudhi.

Basi najitayarisha. Manahodha wa zamani walijitayarishia kaskazi na kusi, pepo zisizobadili bei. Mimi nina kibweta cha mninga nikitiacho shilingi 10 kila siku nirudipo kahawani. Juzi nalikifungua nihesabu. Daftari lasema 1,900. Kibwetani mna 400. Nikamwuliza mke wangu.

“Nalinunua vidonge vyako vya presha,” akasema. “Hospitali hawakuwa navyo.”

Nikachukua kalamu nikaandika kama nilivyozoea: yaliyoingia 1,900, yaliyotoka 1,500, hesabu sahihi.