Gari Linaondoka

"Butiama, Butiama! Gari linaondoka!" Konda anaupiga kofi mlango wa Haisi pale stendi ya Bweri, Musoma. Ndani tumo abiria wanne na tenga la sato. Dereva yuko kwa mama ntilie, ndiyo kwanza ananawa mikono.

Nikatoa simu nijisomee Kihispania. Rafiki yangu wa Bunda anayetembeza watalii Serengeti anaapa kwamba anayekijua hakosi kazi. Somo la siku hiyo: estoy comiendo, yaani ninakula, tonge likiwa mkononi. Kama unakula sato kila Ijumaa, hiyo ni como tu. Safari ya kesho nayo ni salgo mañana. Estoy saliendo ni ya mtu ambaye mguu mmoja umeshavuka kizingiti.

Sasa tazama -na- yetu ya Kiswahili inavyobebeshwa mizigo hiyo yote. Shangazi wa siti ya nyuma anaongea na simu: "Ninaingia Butiama sasa hivi." Makutano kwenyewe hatujakuona! Jirani yake anasimulia kuwa anajenga Bunda; ukimdadisi, ana kiwanja na tripu moja ya mchanga.

Nikamwita konda. "Kijana, tunaondoka au tutaondoka?"

"Mzee, si nimesema linaondoka? Ingia kwanza."

"Nimo ndani."

"Basi tulia, linaondoka."

Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alimtafsiri Shakespeare akatoa Julius Caesar kwa Kiswahili mwaka 1963. Kumtafsiri konda wa Bweri kungemtoa jasho.

Lakini kuna mahali Mhispania na sisi tunaelewana kuliko anavyoelewana na Mwingereza. Mtu akishatulia kitini, Mwingereza bado anamhesabu kuwa yumo katika kitendo: is sitting. Mhispania husema está sentado, kama sisi tunavyosema amekaa. Ukisema anakaa, watu watauliza: anakaa wapi, Nyakato au Makoko? Hapo sikuhitaji mwalimu, kwani mfano hai nilikuwa nao dirishani: dereva está sentado, na sahani ya pili ya ugali ndiyo inaletwa.

Ndugu zangu makonda wa Musoma, Bunda na Makutano, nawaomba: -na- msiiguse mpaka dereva ashike usukani. Kabla ya hapo tumieni -ta-. Ipo, na haitozwi ushuru wa stendi.