Barua ya Wazi kwa Shule Inayosajili Wachezaji Mwezi Mei

Kwa Mwalimu Mkuu, Mwalimu wa Michezo na Kamati ya Kuteua Kikosi,
Shule ya sekondari isiyotajwa,
Kitengela, Kaunti ya Kajiado.

Bwana Mwalimu Mkuu,

MINT: PONGEZI KWA KUFUTA MAZOEZI

Jina la shule yako nimelificha kwa ajili ya kubana matumizi tu. Nikiliandika, barua itafaa shule moja. Nikiliacha, itafaa kadhaa kati ya Noonkopir na Isinya, nami sina pesa za kuchapisha nakala nyingi.

Nia yangu ni kukupongeza. Kwa miaka mingi sisi wazazi tumeaminishwa kwamba timu ya mpira hujengwa kwa mazoezi. Wewe na mwalimu wako wa michezo mmetutoa ujinga huo. Mmethibitisha kwamba timu hujengwa kwa simu. Muhula wa pili unafunguliwa mwisho wa Aprili, mechi za kaunti ndogo ziko mlangoni, mwalimu anapiga simu mbili tatu jioni, na kufikia Jumatatu kuna vijana wageni gwarideni, shingo nene, sare zao zikiwa bado na mikunjo ya dukani.

Ili ujue umetuokoa na nini, nikukumbushe mambo yalivyokuwa. Tangu Januari vijana ishirini na kitu wamekuwa wakibaki uwanjani baada ya masomo. Uwanja wenyewe unaujua, dirisha la ofisi yako linautazama. Kiangazi ni vumbi, na upepo wa nyanda za Kaputiei hauna adabu. Mpira wa juu ukipigwa kuelekea goli la kaskazini hurudi kwa mwenyewe. Mvua za Machi zikianza, ule udongo wetu mweusi hunata kwenye soli hadi kila mchezaji anarefuka inchi mbili, na kila baada ya dakika chache inabidi mchezo usimame, wakae chini wote wakwangue daluga kwa vijiti. Kipa ana glavu mbili, zote za mkono wa kushoto. Zilinunuliwa mtumba, na moja ameigeuza ndani nje ili ikubali kuwa ya kulia. Mpira ulipotoboka walichangishana shilingi ishirini ishirini wakaupeleka kwa fundi viatu wa stendi.

Kijana wangu ni beki nambari tatu. Hana kipaji cha kutisha, nami babake ndiye ninayesema. Lakini miezi hiyo ya vumbi na tope ilimfunza kwamba winga wake akipanda, yeye abaki nyuma. Na kwamba kiungo wao hupenda kugeukia kulia kabla ya kutoa pasi. Mambo madogo ya namna hiyo hayaandikwi kwenye barua ya uhamisho.

Siku ya kugawa jezi, nambari tatu ilimwendea kijana aliyewasili wiki hiyo hiyo, mwenye ndevu zilizonyolewa kwa uangalifu. Alimuuliza mwanangu maabara iko upande gani. Ni swali zuri, linaonyesha ari ya masomo. Ila faili inasema amekuwa mwanafunzi wako tangu Januari, na sayansi anasoma.

Mwaka wa 2025 ndio mlionifanya nivue kofia. Mwaka huo hakuna shule hata moja nchini iliyopokea Kidato cha Kwanza. Watahiniwa wa mwisho wa KCPE, wale wa 2023, walikuwa wamekwisha kupanda Kidato cha Pili, na watoto wa mtaala mpya walikuwa bado Gredi ya 9. Mlango wa kuingilia sekondari ulifungwa na serikali yenyewe, kwa hiyo kikosi cha mwaka ule kilitarajiwa kuwa kile cha 2024, kikipungua Kidato cha Nne kilichoondoka. Chako kilikuwa na sura mpya nyingi kuliko wodi ya kujifungulia.

Stakabadhi zote ziko sawa, sina shaka. Barua ya uhamisho ipo, cheti cha kuzaliwa kipo, nambari ya usajili ya Wizara ya Elimu ipo. Sababu ya uhamisho, kwa kila mmoja wao: mzazi amehamia Kitengela kikazi. Ajabu ni kwamba kazi hizo hupatikana Mei, na huwapata tu wazazi wa washambulizi na mabeki wa kati. Mzazi wa mtoto anayepiga zumari hajawahi kuhamishwa.

Sababu hiyo inapendwa hata huko kwa wakubwa. Kanuni za FIFA, kifungu cha 19, zinakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja hadi nyingine, isipokuwa kwa masharti machache, mojawapo likiwa kwamba wazazi wamehama kwa sababu zisizohusu mpira. Barcelona walikiuka kanuni hizo za watoto, na mwaka 2014 wakafungiwa vipindi viwili vya usajili. Real Madrid na Atlético Madrid wakaadhibiwa kwa kosa la aina hiyo mwaka 2016. Walikosea kutegemea mawakili. Wangemwajiri mwalimu mmoja wa michezo kutoka huku kwetu, wazazi wote wangekuwa wamehamia Hispania kikazi, na muhuri wa chifu ungekuwepo.

Usinielewe vibaya nikaonekana nachukia wageni. Kwa uso upi? Hapa Kitengela karibu sote tumechelewa. Hizi zilikuwa nyika za Wamaasai, ng'ombe na nyumbu wakigawana nyasi. Shamba la pamoja likagawanywa miaka ya 1980, ploti zikaanza kuuzwa, na sisi tukaja na mabati yetu na nyaya zetu za senyenge. Sensa ya 2009 haikukuta hapa watu 60,000. Ile ya 2019 ilikuta zaidi ya 150,000. Nyumbu waliozoea kupita kila msimu wakakuta ua, na aliyejenga ua huo ni mimi niliyekuja juzi. Mtu wa Kitengela anayewasuta waliochelewa aanze na kioo chake.

Kwa hiyo kuchelewa si kosa. Ninachoomba kufahamishwa ni kipimo mnachotumia kuwachagua waliochelewa, maana nimewaona wa aina mbili shuleni kwako, na hawapokelewi sawa.

Yupo kijana mmoja anayetoka pande za Bissil. Alifika mwisho wa Februari. Nyumbani kwao hawajasimama tangu ule ukame wa 2020 hadi 2023, mvua ziliposusa misimu mitano mfululizo na mizoga ikatapakaa Kajiado nzima. Mifugo iliyobaki huuzwa mmoja mmoja ili karo ipatikane, na bei ya mnadani haifuati kalenda ya Wizara ya Elimu. Alipotokea uwanjani, wenzake walimpa mpira upande wa kulia wamjaribu. Mwanangu alirudi nyumbani jioni hiyo akilalamika kwamba miguu inamuuma kwa kumkimbiza. Hicho ndicho cheti cha kipaji ninachokiamini.

Mwalimu wako wa michezo alimwita kando akamweleza kwa upole kwamba orodha imefungwa. Wenzake wameanza Januari, akasema, na si haki mtu kuja mwishoni akachukua nafasi ya waliotoka jasho. Nilipoyasikia maneno hayo nilifurahi sana. Nikasema hatimaye tumepata mwalimu mwenye msimamo. Kijana hakubisha. Muhula uliosalia wote aliokota mipira nyuma ya goli na kubeba dumu la maji, akingoja mwakani.

Mei orodha ilifunguka yenyewe.

Nimelitafakari hilo nikaona mantiki yake. Aliyechelewa kwa kukosa karo amechelewa kweli. Aliyechelewa kwa sababu bei ilikuwa haijaafikiwa huyo hakuchelewa, alikuwa kwenye mazungumzo.

Nayajua majibu yako, na mengine yana uzito. Sisi wa Kajiado, ambao Kitengela yetu iko kilomita 30 hivi kutoka Nairobi, kwenye michezo ya shule tunahesabiwa Bonde la Ufa, pamoja na kaunti nyingine 13 hadi Turkana. Timu ya Kitengela ikivuka kaunti, ikashinda pale uwanja wa Ildamat na kwingineko, bado inasubiriwa na watu kama St Anthony's Boys ya Kitale, karibu kilomita 400, ambao kombe wanalijua kwa uzito wake mkononi. Ukienda kule na beki wangu, kijana wa dumu na glavu mbili za kushoto utarudi na mabao mengi na basi lenye kimya. Bodi itauliza. Wazazi tutauliza pia, mimi nikiwa wa kwanza, kwa sababu tunapenda haki hadi tufungwe manne.

Utasema tena kwamba mpira unawasomesha watoto wa maskini. Hapo nakubaliana nawe bila kejeli. Wapo vijana wengi nchini waliovaa sare ya sekondari kwa sababu tu walijua kupiga mpira, na shule iliyowalipia karo imefanya jambo jema kuliko harambee nyingi nilizohudhuria. Shida yangu ni Septemba. Soka ni mchezo wa muhula wa pili. Muhula wa tatu ukifunguliwa, jezi zimefuliwa na kukunjwa, wale wageni huwaoni tena. Madawati yao hayana vumbi la kutosha kuonyesha kwamba yalikaliwa. Kijana aliyetolewa kwao kwa ahadi ya elimu amepewa mechi chache, soda na nauli ya kurudi, na mwakani mwalimu mwingine atampigia simu hadi siku ndevu zitakapokuwa nyingi mno kwa wembe. Huyo naye ameibiwa, tena kuliko mwanangu aliyepoteza jezi tu.

Lakini kama sera hii umeiona ni njema, isiishie uwanjani. Baraza la Mitihani, KNEC, linafunga usajili wa KCSE miezi mingi kabla ya Novemba, waandikie uwashauri. Wiki moja kabla ya karatasi ya hisabati tulete vijana wanane kutoka shule kubwa, wazazi wao wakiwa wamehamia Kitengela kikazi, na watoto wetu waokote karatasi zilizodondoka. Kwaya nayo ipate sauti za kukodi. Kiranja mkuu asajiliwe Mei akitokea shule yenye nidhamu. Walimu wanaofundisha tangu Januari wapishe wenye matokeo bora wafundishe Oktoba, na mshahara wa mwaka mzima uwaendee hao wa Oktoba. Sijui chama chao kitasemaje.

Mimi binafsi ningependa sera hii ifike ofisi ya mhasibu. Mwakani nitafika Julai na karo ya Januari. Natarajia kupokelewa langoni na naibu wako, nipewe kiti, nielezwe kwamba kipaji hakina wakati, na risiti iandikwe tarehe ya nyuma. Mwaka huu nilipochelewa wiki mbili, mwanangu alirudishwa nyumbani na kipande cha karatasi chenye muhuri. Pengine ni kwa sababu nilikuja bila ndevu.

Ombi langu si kubwa. Orodha ya kikosi ibandikwe ubaoni kabla ya shule kufungwa Aprili, majina na madarasa, mzazi yeyote aweze kuisoma. Atakayekuja baada ya hapo, awe ametoka Bissil au amepigiwa simu, afanye mazoezi na wenzake na asubiri nafasi ya majeruhi au msimu ujao. Sharti liwe moja kwa wote wawili. Mliyemwahidi karo, mlipieni hadi Kidato cha Nne. Na Jumatatu ya kwanza ya muhula wa tatu, mwalimu wa zamu aisome orodha ile ile gwarideni kwa sauti, jina kwa jina, tusikie nani anaitika.

Ndimi wako,
Mzazi wa beki nambari tatu,
Kitengela.