Mhadhara wa Bingwa wa Mabingwa Kuhusu Neno Lililotekwa na Pesa

Waheshimiwa wageni waalikwa, mabibi na mabwana, nanyi wa viti vya nyuma mliokuja kwa tetesi kwamba kutakuwa na soda: tulieni. Mbele yenu amesimama Bingwa wa Mabingwa wa Elimu ya Maneno, shahada ambayo hakuna chuo kilichokuwa na hadhi ya kunitunuku, ikanibidi nijitunuku. Mada ya leo ni neno moja tu la Kiingereza, wealth. Mtoto yeyote wa shule atawaambia maana yake ni utajiri, na mtoto yeyote wa shule atakuwa amepata nusu. Hoja yangu ni kwamba neno hilo lilikuwa nyumba yenye wapangaji kadhaa: afya, amani, furaha, heri, na chumba cha uani akikaa pesa. Huyu wa uani akawatoa wenzake mmoja mmoja, akabadilisha kitasa, na sasa anajitapa kwamba nyumba kaijenga yeye. Ushahidi ninao. Shikeni kalamu.

Katika karne ya 13 Waingereza walikuwa na neno wele, yaani hali njema, mambo kumnyookea mtu. Wakalifunga mkia wa th kwa kuiga health, likawa welthe. Health lenyewe lilitokana na neno lenye maana ya kitu kizima kisichopungua, na hilo kwetu si muujiza, kwa sababu Mswahili naye alichukua -zima, akaipachika u-, akapata uzima, bila kumwomba Mwingereza ruhusa. Kwa hiyo health na wealth yalishonwa kwa uzi mmoja. Moja leo mnalikuta kwenye mlango wa zahanati, la pili kwenye mlango wa benki, na atakayethubutu kusema milango hiyo haihusiani basi hajawahi kuugua bila akiba.

Sasa fungueni kitabu cha sala cha Kanisa la Uingereza, toleo la 1662. Humo mna sala ya kumwombea mfalme maisha marefu yenye health na wealth. Hebu tufikiri pamoja, ingawa nimeshawafikiria. Mfalme ana hazina, ana mashamba, ana watoza ushuru. Je, mkulima aliyepiga magoti kwenye sakafu ya mawe, amevaa koti lenye viraka, alikuwa anamwomba Mungu amwongezee mfalme sarafu? Alikuwa anamtakia heri, mambo yake yatengemae. Kwenye Litania ya kitabu hichohicho kuna jambo zito zaidi. Waumini wanaomba kuokolewa wakati wa dhiki, wakati wa wealth, saa ya kufa na siku ya hukumu. Msomaji wa leo hushtuka: watu gani hawa wanaomba kuokolewa na fedha, tena kwa pumzi moja na mauti? Mshtuko huo unatokana na ujinga, nao unatibika. Wealth pale imewekwa mkabala na dhiki. Ni kipindi cha raha, mambo yanapokwenda sawa hadi mtu akamsahau Mola wake. Waanglikana wa Marekani walipoona neno linapotosha walilitoa kwenye kitabu chao, wakaweka jingine la kustawi.

Ushahidi wangu mnono kuliko wote uko kwenye Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Wakorintho wa kwanza, sura ya 10, aya ya 24. Mtume anawaagiza waumini kila mmoja aache kutafuta ya kwake, atafute wealth ya mwenziwe. Naona tabasamu. Kwa maana ya siku hizi, hakuna Mkristo mtiifu kuliko yule kijana anayewapapasa watu mifuko wakati wa kugombea daladala Kariakoo: ya kwake hatafuti kabisa, ya mwenziwe anaitafuta kwa bidii tangu alfajiri. Lakini Kigiriki cha Paulo hakina hata hilo neno. Kinasema tu jambo la yule mwingine, na wafasiri ndio waliojaza pengo. Wataalamu wale walikuwa na Kiingereza chote mikononi, na bado wakachagua wealth, bila hofu kwamba wanahalalisha wizi. Ni kwa sababu mwaka 1611 msikilizaji wa kawaida alielewa manufaa, ustawi, mema. Marekebisho ya 1881 yalipofika, neno likaondolewa, likawekwa la wema. Hapo ndipo mnapoona mpangaji mzee akitolewa vyombo nje.

Hapo nyuma namwona bwana mmoja amenyoosha kidole huku kamusi nene ikiwa mapajani. Hoja yake naijua hata kabla hajafungua kinywa: Kiingereza cha kale, kabla ya Wanormani, tayari kilikuwa na neno wela, na wela hilo lilibeba heri na mali pamoja. Kwa hiyo pesa si mvamizi, imekuwemo tangu mwanzo. Ni hoja nzuri, na kwa kuwa ni nzuri naichukua iwe yangu. Sikusema pesa ilivunja dirisha. Nilisema ilikuwa na chumba chake uani. Mnaweza kuyaona maisha hayo ya pamoja katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliwapa Waswahili mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Antonio anakopa dukati 3,000 kwa Shylock ili rafiki yake Bassanio akachumbie, na dhamana ni ratili ya nyama ya mwili wake mwenyewe. Mwishoni, kwa Kiingereza, Antonio anakumbusha kwamba aliuweka mwili wake rehani kwa ajili ya wealth ya Bassanio. Ni mali au ni heri? Wahariri wengi husema heri, na ninawaunga mkono, ingawa zile dukati zinasikika zikigongana mfukoni. Wakati huo wapangaji wote walikuwa bado wanapikia jiko moja.

Aliyeandika hati ya kuwafukuza ni nani basi? Wengi humnyooshea kidole Adam Smith na kitabu chake cha 1776 kuhusu wealth ya mataifa. Tusimwonee. Smith aliwakejeli waliodhani wealth ya nchi ni rundo la dhahabu na fedha. Yeye alihesabu kile kinachozalishwa kila mwaka na ardhi na kazi ya watu. Kosa lake, kama ni kosa, ni kuifanya ihesabike. John Stuart Mill ndiye aliyepiga muhuri mwaka 1848: wealth ni vitu vyote vyenye faida au vya kupendeza ambavyo vina thamani ya kubadilishana. Hewa, pamoja na kwamba bila hewa hakuna hata wa kusoma kitabu cha Mill, haimo, kwa kuwa haina bei. Mwaka 1860 John Ruskin akachachamaa. Alidai wealth ipimwe kwa uhai wa watu, na kwa mali inayodhuru akabuni neno lake mwenyewe, illth. Wachumi walimcheka, lakini mwaka 1904 mwanasheria mmoja kijana, Mohandas Gandhi, alikisoma kitabu cha Ruskin kwenye treni kutoka Johannesburg kwenda Durban. Mwaka 1908 alikieleza upya kwa Kigujarati na kukiita Sarvodaya, ustawi wa wote. Hivyo Mhindi aliyekuwa Afrika Kusini aliwarudishia Waingereza maana ya neno lao, na hadi leo sijasikia kwamba wamemshukuru.

Pingamizi la mwisho ni la uvivu: maneno hubadilika, na Waswahili tuna madeni yetu. Sawa, hubadilika, lakini hayabadiliki ovyo. Tazameni letu. Tajiri tulimpata kwa Waarabu, kwao akiwa mfanyabiashara, na konda wa daladala bado humwita hivyo mwenye gari anayesubiri hesabu yake jioni. Neno letu halikuwahi kujifanya furaha. Lilikiri tangu mwanzo kwamba fedha hutoka kwenye biashara na kwenye jasho la anayeleta hesabu. La Kiingereza lilianza na heri ya mtu, likaishia kwenye akaunti yake, na njiani likaacha watu wakiamini kwamba vitu hivyo viwili ni kimoja. Maana ya zamani imebaki mahali pamoja tu penye heshima, ndani ya Commonwealth, manufaa ya wote, jina ambalo Waingereza walijipa mwaka 1649 baada ya kumkata kichwa mfalme waliyekuwa wakimwombea wealth katika matoleo ya awali ya kitabu cha sala. Commonwealth ya siku hizi sisi tuliiita Jumuiya ya Madola, tukayataja madola, manufaa tukayaacha bandarini London, na ninashuku mfasiri alijua anachofanya.

Nimalizie kwa tahadhari ya kisheria, kwa kuwa nimesikia wawili watatu wakinong'ona kwamba kuanzia leo wao ni wealthy kwa maana ya 1611. Mwenye nyumba akija tarehe mosi msimsomee Wakorintho wala Ruskin. Mahakama huchukua maana ya kwenye mkataba, na kwenye mkataba imeandikwa shilingi. Lipeni kodi.